Kuwa askari wa mbwa katika Jeshi la Marekani: hatua kwa hatua, kwa sisi tuliokuja na green card

Ujumbe ninaoupata kila mara ni huu: "Kaka, nimemwona askari na mbwa wake uwanja wa ndege. Kazi ile naipataje?" Anayeuliza mara nyingi ni kijana aliyefika Marekani kwa bahati nasibu ya green card, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, au aliyeletwa na mzazi, na sasa anafanya kazi ghalani au anahudumia wazee huku akitafuta njia nyingine. Nimejibu mmoja mmoja kwa muda mrefu. Leo naandika yote mahali pamoja.

Kwanza nirekebishe jambo dogo. Yule uliyemwona uwanja wa ndege huenda si mwanajeshi kabisa. Wengi wao ni wa TSA, idara ya usalama wa usafiri, au polisi. Ila hao wa TSA nao hufundishiwa palepale wanapofundishiwa mbwa wa jeshi, kambi ya Lackland, jijini San Antonio, Texas. Kikosi cha 341 cha mafunzo kilichoko hapo ndicho kinachoandaa mbwa na askari wao kwa ajili ya matawi yote ya jeshi.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Green card iliyo hai, na uwe unaishi Marekani. Hakuna kujiandikisha ukiwa Dar, Nairobi au Bujumbura.
- Umri wa miaka 18, au 17 kwa idhini ya mzazi.
- Cheti cha shule ya sekondari. Kama ni cha nyumbani, kitahitaji kufanyiwa tathmini hapa ili kilinganishwe na cha Marekani. Anza mapema, maana karatasi za baraza la mitihani huchelewa.
- Kiingereza cha kusoma na kuandika, si cha kuombea maji tu.
- Mwili unaoweza kukimbia, kubeba, na kuinama mara mia kwa siku.
- Historia safi ya afya. Pumu iliyoendelea baada ya kutimiza miaka 13 ni kizuizi hadi upate msamaha wa kimaandishi. Kama manyoya ya mbwa yanakufanya upige chafya na kuvimba macho, usijidanganye.
- Moyo wa kushika kinyesi. Sitanii. Nitalirudia hili mbele.

Onyo la mapema: kuna watu kwenye makundi ya WhatsApp wanaotoza "ada ya usajili wa Jeshi la Marekani". Kujiandikisha ni bure toka mwanzo hadi mwisho. Ukiombwa hela, umekutana na tapeli.

Hatua ya 1: Chagua tawi ukijua tofauti yao

Hapa ndipo wengi hujikuta wamesaini kitu kingine. Katika Jeshi la Nchi Kavu kazi hii ina namba yake, 31K, na unaweza kuipata moja kwa moja kwenye mkataba wako wa kwanza. Jeshi la Anga linakuchukua kwanza kama askari wa ulinzi wa kambi, halafu unaomba kuhamia upande wa mbwa baadaye. Jeshi la Majini ni hivyohivyo, unaanza kama askari polisi wao. Wanamaji wa Marine huwachagua kutoka miongoni mwa polisi wao wa kijeshi.

Ushauri wangu: kama unachotaka ni mbwa na si kitu kingine, nenda Nchi Kavu. Kule kwingine unaweza kulinda geti miaka mitatu ukisubiri nafasi.

Na kama unapenda wanyama lakini hutaki kubeba bunduki doria, ulizia 68T, yaani msaidizi wa daktari wa mifugo. Huyo ndiye anayesaidia kumtibu mbwa ninayemzungumzia hapa. Ni kazi nzuri na watu hawaiulizii.

Hatua ya 2: Uliza kuhusu uraia kabla hujauliza kuhusu mbwa

Mwenye green card anaruhusiwa kuingia jeshini, lakini kazi zinazotaka kibali cha usalama huwa za raia peke yao. Masharti ya kila kazi hubadilika. Kwa hiyo swali lako la kwanza kwa ofisa anayeandikisha, ambaye huku wote tunamwita rikruta, liwe: "Kwa hali yangu ya leo, 31K iko wazi kwangu? Nionyeshe kwenye skrini." Usikubali jibu la "tutaona mbele".

Ikiwa jibu ni hapana, una njia mbili. Subiri uraia wa kawaida, au ingia kwa kazi nyingine, uombe uraia kupitia utumishi, kisha uombe kubadilisha kazi. Fomu ya kuombea uraia, N-400, haina ada kwa mwanajeshi.

Hatua ya 3: Soma kwa ajili ya ASVAB, hasa sehemu nne

ASVAB ni mtihani wa kuingilia. Alama ya jumla ya chini kwa Nchi Kavu ni 31, lakini hiyo inakufungulia geti tu. Kwa 31K wanaangalia fungu la alama linaloitwa ST, na unahitaji 91. Fungu hilo linajengwa na sayansi ya jumla, hesabu, ufundi wa mitambo, na lugha, yaani msamiati na ufahamu.

Vijana wetu wengi wako vizuri kwenye hesabu. Kinachowaangusha ni msamiati na yale maswali ya kapi, roda na wenzo. Miezi mitatu ya kusoma saa moja kila siku inatosha kwa mtu aliyemaliza kidato cha nne vizuri. Maktaba ya mtaa wako ina vitabu vya mazoezi, tena bure.

Kosa la kawaida: kukimbilia mtihani wiki ileile uliyoonana na rikruta kwa sababu amekuambia "jaribu tu". Ukifeli utasubiri mwezi mzima kabla ya kurudia.

Hatua ya 4: Soma mkataba kwa kidole

Baada ya mtihani unapelekwa MEPS, kituo cha kuwapima wanaojiunga na jeshi, kupimwa macho, masikio, damu, viungo. Ni siku ndefu ya kusimama kwenye foleni ukiwa na soksi. Sema ukweli kuhusu afya yako.

Kisha inakuja meza ya kuchagua kazi. Hapo utaambiwa 31K imejaa leo, na utaonyeshwa kazi nyingine yenye bonasi nono. Una haki ya kusema asante, nitarudi. Namba 31K isipokuwa imeandikwa kwenye karatasi unayosaini, huna 31K, hata kama rikruta ameapa kwa jina la mama yake. Weka kidole chini ya ile namba, isome kwa sauti, ndipo usaini.

Hatua ya 5: Mafunzo ya awali, kisha upolisi

Wiki 10 za ukuruta ni zilezile kwa kila mtu: kwata, bunduki, usingizi mdogo. Hakuna mbwa hata mmoja. Baada ya hapo yanakuja mafunzo ya kazi yenyewe, jumla takribani wiki 18, yanayoanzia Fort Leonard Wood, Missouri, kwenye shule ya polisi wa kijeshi, na kumalizikia Lackland.

Missouri watakufundisha sheria, kukamata mtu, kuandika taarifa. Usiidharau hii taarifa. Mbwa wako akipata kitu, ni maandishi yako yatakayosimama mahakamani.

Hatua ya 6: Lisifu sanduku la risasi

Sasa umefika San Antonio. Umengoja mwaka mzima kumshika mbwa. Asubuhi ya kwanza unapewa kamba, na mwisho wa kamba kumefungwa sanduku la chuma la risasi.

Utalivuta lile sanduku kwenye nyasi, uliamuru likae, na likishakaa (limekaa tangu lilipotengenezwa) utalisifu. Kwa sauti nyembamba, ya juu, ya furaha, kama unavyomchezesha mtoto wa miezi sita. Utapiga magoti, utalipapasa, utaliambia ni sanduku zuri kuliko yote duniani. Mbele ya watu arobaini.

Nimewaona vijana wetu wakigoma hapa, na mimi nilikuwa mmoja wao. Tumelelewa kwamba mwanamume hapazi sauti ya kitoto, na kwamba mbwa hufukuzwa kwa jiwe, halali ndani, haitwi mzuri. Mkufunzi aliniambia nirudie mara tatu, na mara zote tatu sauti ilitoka kama naagiza chai. Usiku ule nilikwenda nyuma ya bweni nikajizoeza peke yangu, nikimsifu kiatu changu.

Fanya mazoezi haya nyumbani kabla hujafika. Sauti tatu tofauti: ya amri, fupi na ya kawaida, ya kukemea, nzito na ya chini, ya kusifu, ya juu na iliyochangamka. Mbwa hafuati maana ya neno kama unavyodhani. Anafuata mwinuko wa sauti, mkao wa mabega yako, na kamba iliyomo mkononi mwako. Sauti zako tatu zikifanana, kwake wewe ni redio iliyoachwa wazi.

Hatua ya 7: Mnyororo, kamba na umbali

Mnyororo wa shingoni una upande sahihi. Ukiwa umemkabili mbwa, uuone kama herufi P kabla ya kumvisha. Ukiugeuza, hautalegea baada ya kuvuta, na utamnyonga taratibu bila kujua.

Mbwa hutembea kushoto kwako. Kamba iwe imelegea. Anayeanza huishika imekaza muda wote kwa woga, na ule woga unateremka kwenye kamba hadi shingoni mwa mbwa.

Acha angalau mita nne au tano kati ya mbwa wako na wa mwenzako, hata kama mbwa hao wamelelewa pamoja. Ukifika kwenye kona au mlango usioona upande wa pili, piga kelele kwamba mbwa anapita. Kila mara. Siku utakayosahau ndiyo siku mwenzako naye atakuwa amesahau.

Hatua ya 8: Jifunze kuifuata pua

Watu wanafikiri kazi hii ni kung'ata. Sehemu kubwa ya uhai wa mbwa wa jeshi ni kunusa. Mmoja hufundishwa milipuko, mwingine dawa za kulevya, na hafundishwi vyote viwili. Sababu ni rahisi: akikaa chini mbele ya sanduku, lazima ujue kama ni la kufungua au la kukimbia.

Ndiyo, anakaa. Hakwaruzi wala habweki. Mbwa wa milipuko akipata harufu yake huketi au husimama kimya akikazia macho, na malipo yake ni mpira. Kwa mbwa huyu bomu ni njia ya kupata mpira, basi.

Kazi yako ni kujua upepo unatoka wapi na kumpeleka mahali harufu inapofika. Kwenye gari, anza upande ambao upepo unavuma kuelekea kwenu. Onyesha kwa mkono, chini, juu, chini, juu, kando ya mishono ya milango na magurudumu. Kabla hajaketi, mwili wake utabadilika: kichwa kitageuka ghafla, pumzi itakuwa fupi na ya haraka, mkia utakaza. Yaangalie hayo. Mbwa amekwisha kukuambia sekunde tatu kabla ya kukaa.

Hatua ya 9: Kung'ata, kwa kifupi

Utavaa mkono mnene wa kitambaa na utang'atwa. Simama, usirudi nyuma, usimvute mkono akiwa ameuma maana utamharibia meno. Jambo kubwa hapa ni neno la kumwamuru aachie. Mbwa asiyeachia kwa neno moja hafai kazini, hata awe mkali namna gani.

Hatua ya 10: Kila asubuhi, banda

Hapa ndipo ninapotaka usome polepole.

Kila siku, sikukuu zikiwemo, mtu anaingia bandani. Kabla hujaosha, tazama kinyesi. Kigumu au laini? Kina damu, ute, minyoo, kipande cha mpira? Kuna mkojo? Amemaliza chakula? Haya yote yanaandikwa. Kisha unampitishia mikono mwili mzima: masikio, fizi, katikati ya vidole, chini ya mkia. Brashi. Baada ya mwezi utajua kila uvimbe wake, na siku uvimbe mpya utakapojitokeza utaugundua kabla ya daktari.

Mambo mawili huua mbwa hawa haraka. La kwanza ni joto. Mbwa hatoi jasho kama sisi, anapumua tu kwa kasi. Joto lake la kawaida ni kama nyuzi 38 hadi 39, na linapimwa nyuma, kwa kipimajoto unachotembea nacho. Likipita 41 ni hatari ya maisha. Ulimi ukiwa mpana na mwekundu sana, akianza kuyumba au kukataa mpira, simamisha kazi, hata kama anayekusimamia ana nyota begani. Kivuli, maji mwili mzima, upepo, halafu ndipo gari la kwenda kwa daktari. Usianze safari kabla ya kumpoza.

La pili ni tumbo kujipinda. Mbwa wenye kifua kirefu kama German Shepherd na Belgian Malinois wako hatarini, ndiyo maana madaktari wa jeshi hulishona tumbo lake kwenye ukuta wa ndani ya mwili mapema. Hata hivyo usimkimbize akiwa ametoka kula. Tumbo likivimba na anajaribu kutapika bila kutoa kitu, huna muda wa kuuliza mtu.

Kuhusu najisi

Ndugu zangu wa pwani na visiwani wananiuliza hili kwa aibu, na hakuna haja ya aibu. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi kwetu, mate ya mbwa ni najisi nzito, na kilichoguswa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Wakati huohuo, aya ya 4 ya Sura ya al-Maida inazungumzia wanyama waliofundishwa kuwinda, na mbwa wa mawindo na wa ulinzi wana nafasi yao katika fiqhi. Kaa na shehe wako kabla ya kusaini, si baada.

Kimatendo inawezekana. Sare na viatu vya banda visiingie chumbani. Weka kanzu au nguo safi ya swala kwenye mfuko uliofungwa, mbali na kabati la vifaa. Jeshi la Marekani lina maimamu wake, mtafute wa kambi yako. Wapo Waislamu wanaofanya kazi hii na wanaswali swala zao zote.

Ukikwama

*Alama za ASVAB hazikutosha.* Tangu 2022 Nchi Kavu ina kozi ya maandalizi kwa wanaokaribia alama lakini hawajazifikia. Mwulize rikruta. Na ukiwa jeshini unaweza kurudia mtihani kuinua mafungu yako.

*Naogopa mbwa, lakini naitaka kazi.* Anza sasa. Jitolee Jumamosi kwenye makazi ya wanyama ya kaunti yako. Utaosha mabanda na kuwatembeza mbwa. Mwezi mmoja utakuonyesha kama ni woga unaoisha au chuki iliyojificha.

*Mbwa anamsikiliza mwenzangu, mimi ananipuuza.* Mbwa wa jeshi ameshapita mikononi mwa watu kadhaa, naye anakupima. Usiongeze ukali. Punguza maneno. Toa amri mara moja, ngoja, rekebisha kwa kamba, sifu papo hapo. Ukisema "kaa, kaa, kaa", umemfundisha kukaa kwenye amri ya tatu. Halafu tumia muda bandani bila kumwamuru chochote. Keti chini, mpige brashi.

*Anaketi mahali pasipo na kitu.* Hapa mwenye kosa ni wewe, karibu kila mara. Ulijua sampuli ya harufu ya mazoezi imefichwa wapi, ukapunguza mwendo ulipoikaribia, naye akajifunza kwamba ukisimama, yeye aketi apate mpira. Mwambie mwenzako afiche wewe ukiwa hupo, na mara nyingine asifiche kabisa. Tembea kwa mwendo uleule kila mahali.

*Nimehamishwa kituo, mbwa anabaki.* Hili halina dawa. Mbwa ni wa kambi, si wako. Utamkabidhi kamba mtu mwingine, naye ataondoka akiwa kushoto kwa mtu huyo. Mwandikie huyo mtu ukurasa mzima: anapenda kukunwa wapi, anaogopa nini, sikio lipi humsumbua.

Huko nyuma ilikuwa mbaya zaidi. Kati ya mbwa kama 4,000 waliotumika Vietnam, wengi waliachwa huko au waliuawa vita vilipokwisha. Sheria ya mwaka 2000 ndiyo iliyofungua mlango wa kuwapa makazi mbwa wanaostaafu, na askari aliyewahi kumwongoza hupewa kipaumbele. Ndani ya sikio la kushoto la kila mbwa kuna namba iliyochanjwa, herufi moja na tarakimu tatu. Inakili kwenye daftari lako siku ya kwanza mnayokutana, na ukihama, waachie wa bandani anwani yako mpya na namba hiyo, uwaambie kwamba siku akistaafu unamtaka.